Hata Chafya Haikatwi

"Kata."

"Haikatwi."

"Isolde, ni ukurasa na nusu. Ukurasa na nusu wa mtu kakaa kwenye stuli anaongelea supu. Kata hiyo, twende chumbani."

"Uliniahidi hii supu. Ulinipigia simu uko ndani ya bafu, ukaniambia umeiandika huku unalia."

"Nililia kweli. Mimi nalia kirahisi. Haina maana mtazamaji naye atalia. Mtazamaji wetu ana mkono mmoja ulio huru, na huo anautumia kurusha mbele."

"Sasa uliiandika ya nini?"

"Kwa sababu mimi ni msanii."

Pale jikoni hakucheka mtu. Wote walishazoea kubana kicheko mbele ya Thaddeus Brandt. Ukitafuta uigizaji uliofanyika vizuri kuliko wote katika filamu zake, ni huo.

Thad alikuwa dairekta wa filamu za wakubwa, zile zenye hadithi. Usimwambie ni filamu za ngono. Ukimwambia hivyo anakukalisha chini anakueleza mpaka chakula chako kinapoa: zake ni filamu za saikolojia, za roho ya binadamu, ila tu roho yenyewe imevuliwa nguo. Alisoma chuo cha filamu huko mashariki ya nchi. Alivaa skafu shingoni mwezi wa Julai, Chatsworth, siku ambayo mijusi yenyewe ilikuwa imejificha chini ya magari. Kila filamu yake lazima iwe na mtu aliyekufa, kioo kilichopasuka, na mwanamke anayetazama mvua dirishani. Na kwa vile bonde zima la San Fernando halina mvua, mvua ilikuwa ni Hovik, mpiga kamera, kasimama nje ya dirisha na mpira wa kumwagilia maua, kaptula imelowa, anatukana Kiarmenia.

Aliyekuwa anabishana naye jina lake Loretta Ocampo, mtoto wa Panorama City. Isolde Vane lilikuwa jina la kazi. Alibandikwa siku ya kwanza na mtu ambaye hata sura yake haikumbuki tena, na mpaka leo hajui maana yake. Kwenye kazi wote walimwita Isolde. Loretta aliitwa na watu wanaompenda, au watu wanaotaka kitu.

"Badala ya supu," Thad akasema, akalainisha sauti kama anayemwekea mtoto dawa kwenye uji, "utasimama pale dirishani. Mvua. Halafu ule mgeuko wako. Basi. Mgeuko wako unasema yote."

Hapo ndipo alipomgusa pabaya. Maana Loretta alikuwa na umaarufu, na umaarufu wenyewe ulikuwa shingo. Alikuwa anatembea kumwacha mtu, anafika mlangoni, anageuza shingo taratibu anamtazama kupitia begani. Ni hicho tu. Kuna mwanamume Fresno kachora tattoo ya ile shingo kwenye paja. Miaka minane ya kazi, filamu nyingi kuliko alizoziona mwenyewe, na kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni shingo.

Mwaka uliopita alikwenda kujaribiwa kwenye tamthilia, North Hollywood, kaukumbi kenye viti vichache kuliko basi la shule. Alisema maneno yake yote bila kutazama karatasi, na alijua kayasema vizuri. Alipomaliza, yule bwana wa mbele akamwambia huku anatazama viatu vyake, "Asante. Kazi yako tunaifahamu." Mwenzake pembeni akajifanya anakohoa. Loretta aliendesha gari mpaka nyumbani, na kilichomuuma si kile kikohozi. Kilichomuuma ni kwamba wale jamaa walidanganya. Kazi yake hawaifahamu. Hakuna mtu anayeifahamu, kwa sababu haipo popote. Haijawahi kuwekwa kwenye kamera ikabaki.

Hii ilikuwa filamu yake ya mwisho kwenye mkataba, na baada ya hapo alikuwa anaondoka kwenye hii kazi. Aliikubali kwa ajili ya ule ukurasa na nusu. Alitaka iwepo sehemu moja, moja tu, ambapo mtu akisema anaifahamu kazi yake asiwe mwongo.

"Nisikilize," akamwambia Thad. "Huyu mama ninayemwigiza, mume wake amekufa Jumatatu. Alhamisi yuko kitandani na shemeji yake. Ile supu ndiyo inasema kwa nini. Ukiitoa, kinachobaki ni mama aliyetoka makaburini akamrukia shemeji."

"Huzuni ina njia zake."

"Huzuni gani sasa, umeikata."

"Itakuwa chini kwa chini. Saikolojia ya kweli haisemwi."

"Mwezi mzima umenisomea habari za utoto wa huyu mama. Baba yake alikuwa anauza magodoro. Umenifanya nikalale kwenye duka la magodoro Van Nuys mpaka nikafukuzwa."

"Na naiona hiyo kazi machoni pako."

Thad akatoa simu. Hapo kila mtu akajua grafu inakuja. Ile tovuti inayouza filamu zao humpelekea mchoro, mstari unaopanda na kushuka kuonyesha watazamaji wametulia wapi na wameruka wapi. Thad alikuwa anatembea nao kama watu wengine wanavyotembea na picha ya mtoto. Akauweka mbele ya pua ya Loretta. Watu wakivua nguo, mstari uko juu. Mtu akifungua mdomo kusema sentensi, mstari unaanguka kama umesukumwa ghorofani.

"Unaona? Mimi nafanyaje? Mimi nataka. Mstari hautaki."

"Na huku mwisho kabisa? Mbona umepanda?"

"Ah, hiyo ni kauli. Ile ya Cole." Akafuta kioo cha simu kwenye skafu, akairudisha mfukoni.

Cole Ransom alikuwa amekaa kwenye kaunta ya jikoni anakula burito ya mayai, na aliposikia jina lake akainua kidevu. Jina lake la nyumbani Dwight, mtu wa Bakersfield, mwili kama mlango wa benki na moyo wa mbwa mzee. Ndiye aliyekuwa anaigiza shemeji. Kuigiza hajui. Maneno yake huyaandika kwenye vitu: leo yalikuwa kwenye katoni ya maziwa, kwa hiyo shemeji mfiwa alikuwa anashika maziwa katika kila sini, na Thad alishatangaza kwamba yale maziwa ni alama ya mama.

"Kauli yangu ina shida gani?" Dwight akauliza.

"Haina shida, mkubwa. Wanaipenda."

Kauli ilikuwa hivi. Katika hii kazi, kabla hujaanza unakaa kwenye kiti mbele ya kamera unasema jina lako, umekubali nini na hukukubali nini. Ukimaliza unarudi kwenye kile kiti, umevaa gauni la taulo, unasema umetoka salama, hujalewa, hakuna aliyekulazimisha. Makampuni mengine huifungia hiyo kanda kabatini. Kwa Thad huwekwa mwisho wa filamu, nzima, kila anayenunua aione. Kuna kampuni moja huko nyuma ilikata kauli ya msichana ikapata aibu kubwa, na Thad, ambaye haachi aibu ya mtu ipite bila yeye kusimama juu yake ajionyeshe urefu, akapanda jukwaani kwenye mkutano wa watu wa kazi hii Las Vegas akatangaza: kwangu kauli haiguswi. Haikatwi hata sekunde. Hata chafya haikatwi. Akapigiwa makofi. Akaweka maneno hayo kwenye tovuti kwa herufi kubwa, na wauzaji wakayaingiza kwenye mkataba, tena vilevile, na chafya humo humo.

Ndipo Dwight akaja akasahau siku. Alitakiwa aseme tarehe, akasema Jumanne, halafu akasema hapana, Jumatano, halafu akaanza kubishana na nafsi yake, akamkumbuka daktari wa meno, akahesabu kwa vidole, akainuka kutafuta simu, akarudi. Yote iko mwisho wa filamu. Na watu hawakuiruka. Waliiangalia, wakarudia, wakatumiana. Mpaka leo Dwight akiwa dukani anachagua vitunguu, mzee wa watu anamsogelea anamuuliza kwa upole, "Sasa ilikuwa Jumanne au Jumatano?"

"Wanaipenda kwa sababu wanajua hiyo si uigizaji," Thad akasema.

"Na ile nyingine?" Loretta akauliza.

"Ile nyingine wanajua ni uigizaji."

"Wewe hujawahi kuwaonyesha uigizaji, Thad. Umewaonyesha maziwa."

Hapo Marlene Kopelman akaingia kutoka uani akapiga kofi moja mezani, si kwa hasira, ni namna yake ya kubisha hodi. Marlene ndiye prodyuza. Zamani naye alikuwa upande wa mbele wa kamera, enzi za kanda za video, na sasa alikuwa mama wa miaka sitini na kitu anayetafuna bazoka za kuachia sigara, mbili mbili, na hana muda na saikolojia ya mtu yeyote.

"Mwenye nyumba anarudi saa kumi na mbili na watoto wake," akasema. "Watoto wakikuta kitu hapa, nawaua ninyi, halafu najiua mimi. Mnabishana nini?"

"Supu," Dwight akasema na burito mdomoni.

"Bado?"

"Marlene," Loretta akasema, "aliniahidi."

Marlene akamtazama Thad, Thad akaitazama dari kama aliyeona jambo la kisanaa kule juu. Marlene akashusha pumzi.

"Binti yangu, tufanye chumbani kwanza. Muda ukibaki, unapata supu yako."

Loretta alijua muda haubaki. Kwenye hii kazi muda haujawahi kubaki tangu dunia iumbwe. Kitanda kinachukua siku, maneno yanapewa makombo. Alifikiria kuchukua begi lake aondoke. Lakini Dwight alikuwa ameahirisha kwenda baharini na mtoto wake ili aje siku hiyo, na Hovik alishalowa tangu asubuhi kwa kupima mvua, na saini yake ipo. Akafunga gauni la taulo akaenda kupakwa mekapu.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya watu kuamka vizuri, alikuwa ameijaribu ile supu mara moja, hapo hapo jikoni, na Dwight peke yake akimsikiliza. Habari yenyewe ni ndogo. Mume yuko hospitali, siku za mwisho. Mke anashuka chini kantini kununua supu. Kuna aina mbili, ya kuku na ya mahindi. Anasimama pale anachagua. Anachagua polepole. Anauliza ipi ina chumvi kidogo, wakati chumvi hajali. Kwa sababu pale chini hakuna mtu anayekufa, kuna harufu ya vitunguu na mwanamke mwenye kofia ya karatasi anayemwita mpenzi, na yeye kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ana furaha. Anarudi juu na bakuli, mume kashakufa. Na anakaa pale kitini, anainywa supu yote, kwa sababu ana njaa, na ilikuwa tamu. Watu wanakuja wanampa pole, pole, pole, na kila pole inamwambia wewe ni mwema, na yeye anajua hakuwa mwema, alikuwa kwenye supu.

Kwenye skripti, shemeji hapo anatakiwa kusema, "Huzuni yako ni bahari, na mimi sijui kuogelea." Ilikuwa imeandikwa kwenye katoni. Dwight aliitazama katoni, akamtazama Loretta, akasema, "Mimi pia ningeinywa."

Loretta alielewa pale pale kwa nini yule mjane analala na yule mtu. Angeelewa hata mtoto wa shule. Thad alikuwa uani anapima mvua.

Kazi ya chumbani ikafanyika. Ya kusimulia hapo hayapo, ni kazi kama ya kuhamisha makabati: geukia huku, shika pale, pumzika, taa, tena. Kilichokuwa cha kusikia ni Thad. Alikaa nyuma ya kiskrini chake, kashika skafu, anaongoza roho.

"Cole, unapomvua kiatu, fikiria baba yako hakuwahi kuja kwenye mechi zako."

"Alikuja zote," Dwight akasema.

"Fikiria hakuja."

"Alikuwa kocha, Thad."

"Isolde, nataka nione godoro. Si hilo la chini yako. La utotoni."

"Naliona."

"Unaliona kweli?"

"Lina bei na kila kitu."

"Vizuri sana. Ibakize hiyo."

Na kwenye sini ya mwisho, Hovik akatoka nje akafungua bomba, mvua ikanyesha kwenye dirisha moja kati ya matatu, huku kwenye yale mengine mawili jua la Chatsworth linachoma bwawa la kuogelea mpaka linameta. Loretta akatembea mpaka dirishani. Akageuza shingo. Thad akapiga makofi polepole, peke yake.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ni supu. Umeiona? Supu yote imo humo."

Marlene alichungulia mlangoni, akaonyesha saa yake. Watu wakaanza kukunja nyaya. Loretta akauliza, kwa kuuliza tu, "Na supu?" Marlene akafanya uso wa mtu aliyemaliza nauli. Thad akamwekea Loretta mkono begani.

"Siku moja utanishukuru. Wewe si mwigizaji wa maneno, Loretta. Wewe ni picha. Maneno yanakupunguza."

Alisema Loretta. Alikuwa anataka kitu, na alichotaka ni asinune.

Kiti cha kauli kilikuwa sebuleni, mbele ya ukuta mweupe, chini ya picha ya harusi ya mwenye nyumba waliyoigeuza itazame ukuta. Dwight alitangulia. Akasema tarehe sawasawa, akatabasamu kama aliyefaulu mtihani, akampisha. Loretta akakaa. Hovik, suruali imebadilishwa, akamfungia maiki kwenye ukosi wa lile gauni la taulo. Nywele zilikuwa zimemkaa upande mmoja, wanja umeshuka. Kwenye kauli hurekebishwi. Hiyo nayo ni sheria ya Thad: mtu aonekane alivyo.

Sheria nyingine ni kwamba kauli ikianza, anaongea anayeuliza na anayejibu. Wengine wote midomo imefungwa. Anayeuliza ni Marlene.

"Kamera?"

"Inazunguka," Hovik akasema.

"Jina lako?"

"Loretta Ocampo. Kazini natumia Isolde Vane."

"Tarehe?"

Akasema.

"Umelewa, umekunywa dawa yoyote?"

"Hapana. Kahawa, na ilikuwa mbaya."

"Kuna mtu alikulazimisha jambo lolote leo?"

"Hakuna. Dwight alikuwa muungwana, kama siku zote. Kila nilichofanya chumbani nilikikubali kabla, na hakuna kilichozidi."

"Umetoka salama?"

"Niko salama kabisa."

Marlene alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono kwenye goti, kwa sababu lililobaki lilikuwa swali la mwisho, na lile swali huulizwa kama mtu anavyofunga mlango. Kwa miaka yote ya hii kazi kila mtu hulijibu hapana, asanteni.

"Kuna chochote unataka kuongeza?"

Loretta akafungua mdomo aseme hapana, asanteni. Akaiona ile taa nyekundu ndogo ya kamera. Akamwona Thad nyuma yake, anaangalia grafu kwenye simu. Na ndipo likamjia, taratibu, kama harufu ya kitu kinachopikwa nyumba ya jirani: kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti pekee katika bonde lote hili ambacho mkasi wa mtu huyu haukifikii.

"Ndiyo," akasema. "Ninacho."

Marlene akarudi kukaa.

"Hospitali ile ilikuwa na supu mbili," Loretta akasema. "Ya kuku, na ya mahindi."

Hakuigiza kwa haraka. Aliisema polepole, kama mtu anayemwambia jirani kitu ambacho hakupanga kumwambia. Alimleta yule mwanamke mwenye kofia ya karatasi. Akamuuliza habari za chumvi. Thad aliinua macho kwenye simu, akachelewa kuelewa, halafu akaelewa.

Marlene aliinua kidole kimoja bila kugeuka. Maana yake ilikuwa moja tu: kimya.

Thad akaanza kuonyesha kwa mikono. Alijikata shingo kwa kiganja. Alimkonyeza Hovik. Hovik alikuwa ameinamia kamera yake kwa adabu ambayo hajawahi kuonyesha mbele ya dairekta yeyote, na badala ya kuzima, akasogeza picha karibu kidogo.

"Alikuwa ananiita mpenzi," Loretta akasema. "Unataka mkate, mpenzi. Na mimi nikasema ndiyo. Sikutaka mkate. Nilitaka aendelee kuniuliza."

"Kata," Thad akasema.

Ikatoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Ikaenda moja kwa moja kwenye maiki. Sebule yote iliisikia, na kila mtu mle ndani alijua kwamba hilo neno nalo sasa limo, na halitatoka. Thad mwenyewe alijua. Alijifunika mdomo kwa skafu kama mtu aliyetapika kanisani.

Loretta hakumtazama. Alisubiri kidogo, kama vile mjane amesikia mlango ukigongwa korido ya mbali, halafu akaendelea. Akapanda na bakuli. Akamkuta. Akakaa. Hapo machozi yakaja, na hayakuwa yale ya Thad, ya tone moja linalofuata mstari wa shavu. Yalikuja na kamasi. Pua ikajaa, sauti ikawa nene na mbaya, akajifuta kwa mkono wa gauni akaendelea kuongea. Akainywa supu yote. Akasema ilikuwa tamu. Alivyosema tamu, Dwight kule pembeni alikaa chini sakafuni.

"Na mkiniambia pole," akamaliza, "mnaniudhi. Basi." Akavuta pumzi, akajifuta pua mara nyingine, na uso wake ukarudi kuwa wa kwake, wa Panorama City, umechoka. "Hiyo niliyosema sasa hivi ilikuwa uigizaji. Mimi ni mwigizaji. Niko salama, sijalazimishwa, na sina lingine la kuongeza. Asanteni."

"Asante," Marlene akasema. "Zima."

Hovik akazima.

"Tunarudia," Thad akasema. "Tunarudia kauli. Mpya. Fupi."

"Haturudii," Marlene akasema.

"Marlene, huwezi ukaweka hiyo mwisho wa filamu. Itaua kila kitu. Watu watakuwa wameshamaliza, wanatafuta taulo, halafu mwanamke anawalilia habari za hospitali."

"Ndiyo."

"Basi tuipunguze. Tubakize mwanzo na mwisho. Nani atajua?"

"Wauzaji. Wameandika kwenye mkataba. Kwa maneno yako, Thad, yako mwenyewe." Marlene akatoa bazoka mdomoni akaifunga kwenye tishu. "Hata chafya. Nilikuwepo Las Vegas. Ulifumba macho ulivyosema."

"Hiyo ilikuwa kwa ajili ya ukweli. Huu ni ujanja. Ametumia kauli kuigiza."

"Kasema mwenyewe kwamba anaigiza. Tena kwenye kamera. Ukweli zaidi ya huo unataka upi?" Akasimama, magoti yakalia. "Na wewe umo. 'Kata.' Imesikika vizuri. Watakuwa wanakuuliza dukani."

Dwight akacheka, akajaribu kuacha, akashindwa. Hovik alikuwa anakunja miguu ya kamera, mabega yanatikisika.

Loretta alivaa jinzi chini ya lile gauni, akavua gauni, akavaa fulana. Watu wa hii kazi hawageuziani mgongo kwa hilo. Akachukua begi lake. Dwight akanyanyuka sakafuni, akamsogelea, akampa ile katoni ya maziwa. Loretta akaipokea.

"Asubuhi ilikuwa nzuri zaidi," Dwight akasema kwa sauti ya chini. "Lakini na hii ilikuwa nzuri."

"Asubuhi ulinisaidia."

Thad alikuwa amewatangulia mlangoni. Uso ulikuwa umebadilika. Kitu kilikuwa kimemwingia, na kwa kuwa alikuwa Thad, kilichomwingia hakikuwa aibu. Alikuwa ameanza kuipenda. Macho yake yalikuwa yanaona tayari makala, mahojiano, jukwaa jingine, yeye anaeleza jinsi alivyomwongoza mwigizaji wake mpaka akaivunja fremu.

"Unajua nini, Loretta," akasema. "Kuna kitu pale. Kuna kitu kweli. Yale maneno niliyoandika, ulivyoyaweka. Na ule ukimya baada ya mimi kusema kata, ule nimeupenda, naweza kusema tuliutengeneza pamoja. Ila kamasi. Kwenye tamu. Kamasi zilikuzidi. Ungeliacha lile tamu liwe safi, halafu kamasi zije baadaye, ingekuwa na saikolojia zaidi."

Loretta alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akamwekea ile katoni mikononi, maneno yake yote yamo upande mmoja, bahari na kuogelea.

"Ifunge vizuri," akasema. "Itaharibika."

Akapita. Alishuka zile ngazi za mawe, akapita bwawa, akapita mpira wa bustani uliokuwa bado unatiririka kwenye nyasi za watu. Nyuma yake alimsikia Thad akinyamaza, na alijua kwa nini, walikuwa wote wanajua: anasubiri afike kwenye geti, asite kidogo, halafu shingo. Alifika kwenye geti. Akalifungua, akatoka, akaendelea kwenda mpaka kwenye gari lake, na shingo ikabaki ilipo.